Kiganja cha Makau

Nyakio alikuwa amekwisha kumtolea Makau glavu za kila namna zilizokuwa kwenye beli lake la mitumba, na Makau bado alikuwa anatikisa kichwa. Tala siku ya soko si mahali pa kutikisa kichwa muda mrefu. Nyuma yake watu walimpiga vikumbo na mifuko ya viatu, kando yake mtu wa boda boda alipiga honi akitaka kupita pasipo na njia, na manyunyu ya Julai yalikuwa yamelilowesha turubai la kibanda mpaka likaanza kumdondokea shingoni.

"Kastoma, kwani hizi glavu unaenda kuoa nazo?" Nyakio alimuuliza. "Ulitaka ya baridi, nimekupa ya baridi. Ukataka ya maji, nimekupa ya maji. Sasa niambie ukweli, unataka ya kufanya nini?"

Makau aliangalia huku na huku kama mtu anayenunua dawa ya ugonjwa usiotajwa mbele za watu. "Ya kupiga kasia," alisema. "Asubuhi, kukiwa na baridi."

"Kasia! Huku Ukambani?" Nyakio alicheka mpaka jirani yake wa viazi akageuka. "Haya, hata ingekuwa ni ya kuendesha ndege, wewe chagua tu."

Basi Makau akaomba karai la maji ambalo Nyakio alioshea viatu vya mtumba, akaomba na fagio lake la mpini mrefu, akaketi kwenye kigoda na kuanza kupiga kasia hapo hapo sokoni. Mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, koti la ofisini mwilini, anachovya mikono kwenye karai kisha anasukuma hewa kwa fagio. Watu walisimama kutazama. Mama mmoja aliuliza kama huyo ni mgonjwa. Makau alisikia, masikio yakamwaka moto, lakini hakuacha, maana haya aliyokuwa nayo pale sokoni ilikuwa ndogo ukiilinganisha na ile iliyomleta.

Glavu za sufi zilikuwa na joto zuri mpaka zilipoonja maji. Zikayanywa yote, na alipoinua fagio yakamtiririkia ndani ya mkono wa koti hadi kwenye kiwiko. Za ngozi, zile za watu wa boda boda, zililowa zikawa nzito, na alijua fika kwamba kesho zikikauka zingekakamaa asiweze hata kukunja kidole. Za mpira za kuoshea vyombo hazikupitisha tone, ila mpini ulizungukazunguka mkononi kama samaki, na ndani jasho likaanza mara moja.

Za nne zilikuwa za mpira ule mwororo wa nguo za wapiga mbizi. Zilifunika mgongo wa mkono na vidole hadi kwenye vifundo, lakini kiganja ziliacha wazi kishike mti chenyewe. Makau alipozivaa na kushika fagio, mpini ukatulia. Kifundo cha mkono kikazunguka bila shida, vidole vikawa na joto, na kiganja kikawa kinajua kila kitu mpini unachofanya. Ndizo zilizofaa. Yeyote aliyewahi kukaa mtumbwini hata wiki moja angelijua hilo, na Makau alilijua.

Akazivua, akachukua za tano. Hizi zilikuwa za mpira wa aina ile ile, lakini nzito, na kwenye kiganja zimeshonewa sponji nene kama mto wa kulalia. Fagio lilipotea ndani yake. Ilimbidi alibane kwa nguvu ndipo ajue analo.

"Hizo zimekukaa vibaya," Nyakio alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Mkono imefura kama ya mtu ameumwa na nyuki. Chukua zile zingine, mimi sitaki kukuuzia kitu urudishe."

"Ni hizi nataka."

Hakumweleza sababu. Angemweleza vipi mama wa watu kwamba hakuwa amefuata glavu za kuvikinga vidole vilivyokuwa vinaumwa na baridi? Alikuwa amefuata glavu za kukificha kiganja, tena kisijulikane, si na macho ya mtu bali na kidole gumba cha mamake.

Mamake anaitwa Syokimau, na anaishi Mitaboni katika boma alilojenga na marehemu mumewe. Macho yake yalikwisha kufunikwa na ukungu siku nyingi. Huona mwanga na kivuli, basi, na watu huwajua kwa sauti na kwa mikono. Mtoto au mjukuu akifika, huanza kwa kuushika mkono wake wa kulia, akakigeuza kiganja juu, akakipitisha kidole gumba polepole kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye mashina ya vidole. Kisha huinama akatema mate humo, mate mepesi tu, karibu yawe pumzi, huku akimtakia mema kwa Kikamba. Mtu hujipaka kifuani akaenda zake amebarikiwa. Wazee wa Ukambani wamewabariki watoto wao hivyo tangu zamani. Syokimau ni Mkatoliki wa kufa kupona na haoni tatizo lolote, na katekista wake naye huleta mkono.

Kiganja cha Makau kilikuwa na sifa yake. Kiganja cha Ndunda, mtoto wa kwanza, kilikuwa na sugu, na cha Wavinya, kitinda mimba, hali kadhalika, kwa sababu hao walibaki shambani. Syokimau mwenyewe alichimba matuta ya kilima kizima pamoja na wanawake wa mwethya, wale wa kusaidiana, leo kwa huyu kesho kwa yule, na mikono yake imekunjika kama bado imeshika jembe. Makau ndiye aliyesoma. Makau ndiye aliyeketi kwenye ofisi ya bima mjini Machakos, tai shingoni. Kila alipokuja nyumbani mamake alipitisha gumba, akacheka kicheko cha msichana, akasema, "Huu mkono haujui jembe." Alilisema hilo mbele ya watu wote. Alilisema kanisani pia. Hakukusudia kumsimanga Ndunda, lakini Ndunda alikuwa analisikia mwaka nenda mwaka rudi.

Kisha ofisi ikafungwa. Walisema kazi yote sasa ingefanyiwa kwenye simu. Makau alirudi kwake Mumbuni na vitu vyake ndani ya katoni, akamwambia mkewe Kasiva, akamwapisha asimwambie mtu. Kwa mamake angesema akipata kazi nyingine, ili habari mbaya iende na dawa yake. Alizunguka mjini na tai mpaka soli zikaisha. Aliyempokea mwishowe ni jirani yake Muindi, ambaye kikundi chao kinafuga samaki wa ngege kwenye vizimba vya nyavu katikati ya bwawa, chini ya vilima. Kazi yenyewe ni kuingia mtumbwini alfajiri, kupiga kasia hadi kwenye vizimba na magunia ya chakula, kulisha, kukagua nyavu, kutoa waliokufa, na kurudi.

Kuna jambo ambalo Makau hakumwambia hata Kasiva. Kazi ile aliipenda. Alipenda maji yakiwa yametulia na ukungu umekaa juu yake, na alipenda samaki wanavyochemka wakisikia kasia. Ofisini hakuwahi kungojewa namna hiyo na kiumbe yeyote. Kulipenda jambo na kulionea haya kwa wakati mmoja ni mateso, na mtu akikuuliza hujui utaanza na lipi.

Viganja vyake vilianza kuota sugu baada ya muda mfupi. Makau akapigana nazo. Aliviloweka kwenye maji ya moto, akavipaka yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, akavisugua kwa jiwe mpaka Kasiva akamfumania bafuni.

"Hilo si jiwe langu la miguu?"

"Naazima."

"Makau, mwambie tu mamako. Hakuna mtu umeua."

Hakumwambia. Mwezi wa Juni alikwenda Mitaboni na viganja vinanuka mafuta, na gumba la mamake lilipopita chini ya kidole cha shahada likasimama. Likarudi nyuma. Likapita tena.

"Kuna kitu hapa," Syokimau alisema.

"Ni kalamu, mwaitu." Ndivyo Wakamba humwita mama.

"Kalamu hushikwa na vidole."

"Ni baridi pia. Ofisi ina baridi sana siku hizi."

Mamake aliyatema mate yake ya baraka, lakini hakucheka, wala hakusema kwamba mkono haujui jembe. Makau alirudi Mumbuni akijiona mwizi. Haukupita muda Ndunda akapiga simu: kifua cha mama kimeanza kumsumbua, na ametoa neno kwamba Jumamosi ya mwisho ya Julai anataka watoto na wajukuu wote wafike. Anataka kuibariki mikono yao yote wakati mate bado yapo. Ndipo Makau akapanda gari la Tala kutafuta glavu za kukikinga kiganja na kasia mpaka sugu zilainike.

Ningetaka kusema kwamba zile glavu zilimsaidia. Ziliharibu kila kitu. Maji ya bwawa Julai ni baridi ya kukata, na ndani ya mpira ule mzito vidole vyake vilibaki na joto, hilo halina ubishi. Lakini mikono haikusikia mti. Kasia lilimponyoka mara mbili, na Muindi, ambaye hupiga lake mikono mitupu kisha akaiingiza kwapani, akawa wa kulifukuza. Makau akazidi kubana. Kila siku alibana zaidi, na maji yaliyoingia kwa juu yakakaa ndani ya sponji bila kutoka, na viganja vikashinda vimelowa humo kama nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Sugu zililainika kweli. Zikalainika, zikainuka, zikachubuka, chini yake yakatokea malengelenge, nayo yakapasuka. Mwisho wa mwezi ulipofika kiganja chake cha kulia kilikuwa cheupe chenye makunyanzi pembeni na chekundu katikati. Mwanzoni mamake angegusa sugu tu na huenda angedanganyika tena. Sasa hata mtoto angejua.

Jumamosi hiyo ilibidi awalishe samaki kwanza, kisha yeye na Kasiva na mtoto wao Mwende wakaelekea Mitaboni. Manyunyu hayakuacha. Bomani watu wote walikuwa wamejifunika, huyu koti, yule leso juu ya sweta, watoto kofia za sufi hadi kwenye nyusi. Mtu mwenye glavu hakuwa kioja. Hilo ndilo lililomdanganya Makau kwamba angeweza kubaki nazo.

"Zivue kabla tuingie," Kasiva alimnong'oneza mlangoni.

"Nitamwambia anibariki kichwani. Wazee hubariki hata kichwa."

"Vua, baba Mwende. Tafadhali."

Hakuvua.

Syokimau aliketi jikoni kando ya moto, amevaa sweta yake ya kanisani. Alikuwa amepungua. Kila alipovuta pumzi kifua kililia kidogo, na Makau alipouona mgongo wake ulivyojikunja alitaka kugeuka akimbie. Ndunda alianza kwa kuwa ndiye mkubwa. Alipiga goti akatoa mkono wake mweusi wenye udongo kwenye mikunjo, udongo usiotoka hata kwa sabuni, na gumba la mama likapita, na mate yakatoka, na Ndunda akajipaka kifuani akainuka macho yakiwa mekundu, akasingizia moshi.

"Makau," mama akaita.

Alipiga goti. Maneno ya kichwani alikuwa nayo tayari, aliyapanga tangu bwawani. *Mwaitu, mkono una jeraha, nibariki kichwani.* Lakini mamake alikwisha kuunyoosha mkono wake, uko hewani unangoja, na midomo yake ilikuwa imefumbwa, anayakusanya mate. Mtu mgonjwa mwenye kinywa kikavu akikusanya mate si jambo dogo. Makau aliingiwa na kiwewe. Maneno yote yakapaa, naye akatoa mkono kama ulivyokuwa.

Vidole vya Syokimau vilishika mpira.

Aliubinya. Akalitafuta gumba, akalipata, la mpira. Akakigeuza kiganja kilichofunikwa na sponji yenye unyevu, akakipapasa mara moja, akaacha. Uso wake haukubadilika. Kisha akameza. Kila aliyekuwa jikoni aliliona koo lake likipanda na kushuka.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi, mwaitu. Makau."

"Makau ninayemjua ana mkono," Syokimau alisema, akaurudisha wake mapajani. "Wavinya, kuja wewe."

Makau alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Alisimama, akagonga sufuria, akatoka nje.

Ndunda alimfuata hadi kando ya zizi la mbuzi. Makau alidhani amekuja kuuliza kuna nini, akaanza kujitayarishia uongo mwingine. Kumbe Ndunda hakuwa na swali.

"Mate ya mama ni uchafu, si ndio?"

"Nini?"

"Usiniulize nini. Wakati wa korona ulikuja hapa na dawa yako ya mikono ya chupa, ukamwambia mbele yetu wote hayo mate yake yataua watu. Si ulisema?"

"Ilikuwa ugonjwa, Ndunda. Serikali ilisema."

"Sawa. Ilikuwa ugonjwa. Akaacha. Akakaa na mikono kwa mapaja. Ugonjwa ukaisha, na wewe ndio ulimkataza, hukurudi kumwambia mama anza tena. Ni Wavinya alimshika mkono Krismasi akaweka kiganja chake mwenyewe chini ya mdomo wa mama. Wewe ulikuwa hapo, unakunywa soda." Ndunda alitema mate chini, kwa hasira, kisha akaonekana kama aliyejutia kuyatema. "Leo amekuita anakufa, unamletea mpira. Kesho utamshika na koleo?"

Kweli kabisa, Makau hakuwa amelifikiria hilo. Majuma yote aliyokuwa anahangaika na mawe na mafuta na karai la Nyakio, aliogopa kitu kimoja tu, mamake asijue kwamba mwanawe wa ofisini anawalishia watu samaki wao. Haikumjia hata siku moja kwamba glavu ingeweza kusema jambo lingine, tena jambo ambalo yeye mwenyewe alikwisha kulisema kwa mdomo wake siku zile za chupa ya dawa. Wote mle jikoni walilisikia lile lile. Mamake aliyameza mate yake kwa sababu aliamini mwanawe anayaonea kinyaa.

Dawa ilikuwa rahisi. Angevua tu. Ndunda yuko mbele yake, aone kiganja kilivyo, yaishe. Na hapa ndipo aibu ya Makau ilipokomaa, na hata leo akikumbuka huinamisha kichwa: alisita. Alisimama kando ya zizi, mvua inamnyea, akawa anapima mizigo miwili. Upande huu, mtoto anayemwonea mamake kinyaa. Upande ule, mtu wa tai aliyeishia mtumbwini, mbele ya Ndunda ambaye miaka yote amesikia habari za mkono usiojua jembe. Alipima kweli. Kwa muda hakujua ni upi mwepesi.

"Kaa na mikono yako safi," Ndunda alisema, akarudi ndani.

Kilichomsogeza Makau hakikuwa ushujaa. Ni kikohozi. Alimsikia mamake akikohoa jikoni, kikohozi kirefu kisichofika mwisho, na wazo likampitia kwamba huenda ikawa hili la leo ndilo la mwisho mamake kulijua juu yake. Akavuta glavu ya kulia. Iling'ang'ania kwenye vidonda, akaivuta kwa meno.

Jikoni Wavinya alikuwa anapakua muthokoi wa mahindi na maharagwe. Wajukuu walikwisha kubarikiwa na sasa walikuwa wanapigania kijiko. Sahani ya Syokimau ilikuwa kando yake, haijaguswa. Makau alipita katikati yao wote bila kuangalia uso wa mtu, akapiga goti, akauweka mkono mtupu mapajani pa mamake kama mtu anayerudisha kitu alichoiba.

Syokimau hakuuliza ni nani. Aliushika. Gumba lake gumu likaanza kwenye kifundo cha mkono, likapanda, likafika kwenye ngozi iliyoinuka, likasimama. Likazunguka lengelenge moja baada ya lingine, taratibu, kama anayehesabu mbegu gizani. Makau alisikia sahani zikitulia moja baada ya nyingine.

"Napiga kasia, mwaitu," alisema. "Ofisi ilifungwa. Nalisha samaki za watu kwa bwawa. Glavu nilikuwa naficha mkono. Si mate. Naapa si mate."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ndefu."

"Nani anajua?"

"Kasiva."

"Na samaki," Syokimau alisema. Hakuna aliyecheka, na yeye hakuwa amesema kwa kuchekesha. "Basi ni mimi nilikuwa nimebaki."

Ndunda aliyekuwa amesimama mlangoni aliketi polepole kwenye gunia la mahindi. Makau alihisi macho ya kaka yake juu ya kile kiganja, na akaacha yatazame. Alijua Ndunda anaona nini. Anaona mkono kama wake, ila ulioharibiwa na mtu aliyekataa kuwa nao.

"Kazi si kitu," mamake alisema baadaye. "Hata babako alipasua mawe ya watu. Ungesema, ningenyamaza siku moja, siku ya pili ningezoea. Lakini uliniacha nimeze, Makau. Mbele ya wajukuu."

Machozi yalikuwa yanamtoka Makau na pua inamtoka na hakuwa na mkono wa kujifutia.

"Nipe maji," Syokimau alisema. "Mdomo umekauka. Ulinimalizia."

Kasiva alileta kikombe. Mama akanywa mafunda madogo madogo, akapumzika kati ya funda na funda, na bado hakuuachilia mkono wa mwanawe. Kisha akafumba midomo. Alichukua muda mrefu sana, maana mate ya mtu mgonjwa hayaji kwa kuitwa, na jikoni nzima ikangoja, hata watoto. Mwishowe akainama akatema kiganjani.

Yalimchoma. Mate yaliingia kwenye nyama iliyo wazi na kuchoma hadi kwenye kiwiko, na mkono ukataka kuruka wenyewe. Makau aliuacha pale pale. Mamake alisema maneno yake yote, ya afya, ya riziki, ya kurudi salama kutoka majini, hayo ya majini akiwa ameyaongeza sasa hivi.

"Haya," alisema alipomaliza, akanyoosha kiganja chake kilichokunjika. "Na ule mwingine uko wapi?"

Makau aliangalia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bado ndani ya glavu, nyuma ya mgongo, na hakujua ni lini aliuficha huko.